Maswali ya Wasomaji: Hadithi inapokwama

Habari zenu wapenzi wa safu hii, wa Mwanga, Ujiji, Kasulu, Kibondo, Uvinza na nyie wa Tabora ambao naona mmeanza kutuma maswali kwa wingi. Safari hii meseji karibu zote zinahusu kuandika hadithi, na nimefurahi mno mana huku kwetu Kigoma, mwisho wa reli, kuna watu wanasimulia vizuri kupita maelezo, mtu anaweza kukushika barazani toka magharibi hadi saa nne usiku kwa kisa cha mtumbwi uliokatika kamba tu na hutamani anyanyuke, ila huyohuyo akishika simu aandike, kisa kilekile kinakauka. Maswali nimeyafupisha, majina nimeyaweka pembeni.

Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya kwenye simu na kila nikianza watu kwenye grupu wanasifia sura ya kwanza. Kijana anaamka jua linachomoza ziwani, anaoga, anakunywa chai, akitoka anakutana na msichana mrembo. Nikifika sura ya tatu nakwama kabisa, sijui kinachofuata. Tatizo nini? (Kijana wa Ujiji)

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya sura ya tatu turudi kwenye sentensi yako ya kwanza. Jua linachomoza ziwani, Ujiji? Wewe unajua vizuri kabisa kwamba asubuhi jua linatokea upande wa nchi kavu, mgongoni kwako ukiwa umeangalia maji, na jioni ndo linazama ziwani nyuma ya milima ya Congo. Umeliona hilo maisha yako yote. Lakini ulivoshika simu hukuandika asubuhi ya Ujiji, uliandika asubuhi uliyoisoma kwa mtu mwingine, labda wa Dar ambako kweli jua linatoka baharini, na huyo kijana anayeoga na kunywa chai umemtoa hukohuko, msichana mrembo naye hukohuko. Ndo mana unakwama. Vitu vya kuazima vinafika mahali vinaisha, hujui huyo kijana anaishi kwa kazi gani, analala kwa nani, anadaiwa na nani.

Muulize anataka nini na nani anamzuia. Usiniambie anataka maisha mazuri, kila mtu anayataka, nipe kitu cha kushikika. Tuseme anataka injini ya boti iwe yake mwenyewe, amechoka kumvulia mtu. Kakopa hela kwa mzee mmoja pale Kibirizi, kaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Sasa dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa haivuti samaki, kwaiyo vipe, yale maboti ya dagaa, vinakaa tu siku kadhaa mpaka giza lirudi. Kijana kila jioni anaangalia mwezi unavojaa na tarehe ya deni inasogea, afu yule mzee anaanza kupitapita kwao kuulizia habari za dada yake. Hapo hujaandika hata sentensi moja na tayari sura ya tatu ipo, ya nne ipo, na dada mtu sasa na yeye ana la kusema.

Au chukua mwaka 2024, ziwa lilivofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Watu wa mwaloni waliishije? Nani aliuza cherehani, nani alienda kuomba kazi kwenye michikichi ya mjomba, nani aliingia majini usiku kwa kuiba na nani alimchongea? Hiyo ni riwaya nzima iko mlangoni kwako na hakuna mwandishi wa mbali atakayekuzidi kuiandika. Kuamka, kuoga na chai futa vyote. Anza siku ambayo mzee ameshakuja kudai.

Mwalimu, mhariri mmoja aliniambia "onyesha, usieleze". Nikafanya hivo, sasa kila ukurasa kuna mtu anatokwa jasho, moyo unamwenda mbio, machozi yanamdondoka, na bado kaniambia sijaonyesha kitu. (Mwalimu wa shule ya msingi, Kasulu)

Mhariri wako yuko sahihi, ila amekuachia nusu ya maelezo. Jasho, moyo kwenda mbio na machozi ni kueleza kulekule kumevaa nguo nyingine, kwasababu kila binadamu duniani akiogopa moyo unamwenda mbio, kwaiyo hujaniambia lolote kuhusu huyu mtu wako. Unachotakiwa kuonyesha ni tendo ambalo yeye peke yake, mahali pale, na watu wale, ndo angelifanya.

Mfano baba mkwe ana hasira na mkwe wake wa kiume. Usiandike "mzee alikasirika sana", wala usiandike "mishipa ilimtoka". Mzee kashuka kwenye treni, kasafiri toka Tabora, nyumba nzima inajua hajala cha maana njiani. Anawekewa maji ya kunawa. Anawekewa ugali na mgebuka mzima, kichwa kimeelekezwa kwake. Anasema taratibu kabisa, "mimi nimeshiba." Hakuna Mtanzania atakayesoma hapo asijue kwamba nyumba ile imepasuka. Hajapaza sauti, hajatokwa jasho, na wewe mwandishi hujatumia neno hasira popote. Halafu angalia wengine: mke anaondoa sahani au anaiacha? Mtoto mdogo anauliza kwanini babu hali? Hapo ndo unakaa, hapo tumia ukurasa mzima kama unataka.

Ila kueleza nako sio dhambi, na hii watu wengi hawaambiwi. Simulizi zetu za jioni zinaeleza tangu zamani, "palikuwa na mfalme mwenye roho mbaya," basi, tumeelewa, twende. Kama mzee alipanda treni, akalala, akaamka, akafika, hiyo sentensi moja inatosha, usinionyeshe kila stesheni. Kanuni ninayoitumia mimi ni kwamba pale ambapo uhusiano kati ya watu wawili unabadilika, naonyesha, na safari ya kufika hapo naieleza haraka. Ukionyesha kila kitu msomaji anachoka kwasababu hajui kipi ni kikubwa.

Nilituma hadithi yangu ikarudishwa, wakasema imejaa "aka-aka". Sasa nikitoa -ka- nasimulia kwa nini? Si ndo Kiswahili chenyewe? (Msomaji wa Kibondo)

Swali zuri kuliko yote niliyopata mwezi huu na naomba kila anayeandika Kiswahili alisome mara mbili. Ndio, -ka- ndo injini ya kusimulia kwa lugha yetu na usiitoe. Kosa ni kuitumia peke yake. Hebu tuangalie kipande kama ulichotuma:

"Asha akaamka akachukua ndoo akaenda kisimani akachota maji akarudi akafungua mlango akamkuta mama yake ameanguka akapiga kelele majirani wakaja wakambeba wakampeleka hospitali."

Matukio yapo na mpangilio ni sahihi. Lakini kila -ka- inasogeza hadithi hatua moja, hatua zote urefu sawa, kama mtu anayeshuka ngazi bila kuangalia chini. Matokeo yake kuchukua ndoo na kumkuta mama ameanguka vimepewa uzito uleule. Msomaji hakupata nafasi ya kushtuka.

Kiswahili kimekupa vifaa vingine, sijui kwanini tunavisahau tukianza kuandika mana tukiongea tunavitumia vyote. Kuna -li- ya kusimamisha jambo liwe msingi. Kuna -ki- ya jambo linaloendelea pembeni wakati lingine linatokea. Kuna -me- ya hali unayoikuta ikiwa imeshatokea, na hu- ya mazoea, ile "kila asubuhi hupitia kwa bibi". Kuna -na- ambayo msimulizi hodari barazani akifika penye moto anaihamia ghafla, "sasa yule mtu anamwangalia, anamwangalia, hasemi kitu". Changanya kwa sababu, sio kwa mapambo. Angalia:

"Asha alirudi toka kisimani jua limeshapanda. Mkono mmoja ulikuwa umeshika ndoo kichwani, wa pili ukimfukuza mbuzi wa jirani ambaye kila siku humfuata mpaka uani. Mlango ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa amelala sakafuni karibu na jiko, maharage yakiendelea kuchemka. Asha akaitua ndoo. Akaitua taratibu, maji yasimwagike."

Umeona -ka- imekuja lini? Imesubiri. Imekuja mara mbili tu na zote ziko pale penye uzito, kwaiyo zinasikika. Na huyo mtoto anayetua ndoo taratibu wakati mama yake yuko chini anatuambia kitu kuhusu mshtuko ambacho "akapiga kelele" hakiwezi kutuambia. Majirani waje baadae. Chukua hadithi yako iliyorudishwa, pigia mstari kila -ka-, halafu jiulize kila moja kama kweli hapo ndo hadithi imesogea au ulikuwa unapita tu. Soma kwa sauti pia. Sikio linajua kabla ya jicho.

Jambo dogo la mwisho kwako, usirukeruke nyakati bila sababu, sentensi hii "alienda", inayofuata "anafika", afu tena "alikaa". Kuhamia -na- kwa makusudi kunaonekana, na kupotea nako kunaonekana.

Naomba kuuliza, hadithi yangu inaishia mhusika anashtuka usingizini kumbe yote ilikuwa ndoto. Ni sawa? (Mwanafunzi wa sekondari, Kigoma)

Hapana mwanangu. Msomaji amemlilia mtu wako, amemwogopea, amekesha na bando lake, halafu unamwambia hakuna kilichotokea. Ukiona unatamani ndoto, mara nyingi ni kwamba umemwingiza mhusika kwenye shida ambayo hujui atatokaje. Kaa na hiyo shida. Hata asipotoka, ni mwisho. Ndoto katikati ya hadithi haina ubaya kama ina kazi yake, ila usimalizie nayo.

Kaka, naandika ya upelelezi. Mtu ameuawa kwenye godauni la tumbaku Urambo, anakuja mpelelezi toka Dar na bastola mbili, na mwisho kuna kesi kubwa ambapo raia 12 wanakaa wanapiga kura kama mtuhumiwa ana hatia. Rafiki yangu kasema mahakama zetu haziko hivo. Nibadilishe? (Kijana wa Tabora)

Badilisha, tena kwa furaha, kwasababu ukweli wa hapa kwetu ni mtamu kuliko hicho ulichokitoa kwenye muvi. Tanzania hatuna utaratibu wa raia 12 kupiga kura ya hatia, ni jaji anayeamua. Na kesi ya mauaji haianzii kwa jaji. Mtuhumiwa anafikishwa kwanza mahakama ya chini, anasomewa shtaka na anaambiwa hatakiwi kujibu chochote mana mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Dhamana hakuna. Upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa. Anarudi tena, inaahirishwa tena, mpaka siku ipelekwe Mahakama Kuu.

Wewe unaona hapo hakuna stori, mimi naona ndo stori yenyewe. Kila tarehe ya kesi mke wa mtuhumiwa anatoka Urambo na chakula kwenye hotpoti, mama wa marehemu naye anakuja, wanakaa benchi moja nje kwasababu benchi ni hilohilo. Mara ya kwanza hawasalimiani. Mara ya nne mmoja anamsogezea mwenzake kivuli. Ukiniandikia hilo sihitaji bastola hata moja. Na kesi nyingi zinasikilizwa wazi, vaa vizuri nenda ukakae nyuma usikilize watu wanavoongea mbele ya hakimu, kuna maneno utayapata pale ambayo hutayapata kwenye kitabu chochote.

Mpelelezi wako naye. Kwanini atoke Dar? Mtu wa Dar haelewi tumbaku. Wewe unaelewa kwamba tumbaku ikiwa ndani ya bani, lile banda la kukaushia, inakaushwa, moto unalindwa usiku kucha, kwaiyo kuna mtu macho wakati kijiji kizima kimelala. Huyo ni shahidi wako. Unaelewa kwamba tumbaku inafungwa mabelo, inapangwa madaraja, inapimwa kilo na inaandikwa. Belo ambalo kilo zake kwenye daftari hazifanani na kilo za kwenye mzani ni ushahidi mzuri kuliko alama ya damu, kwasababu msomaji anaweza kuliona sura ya pili akalipita, na sura ya mwisho akajipiga kichwani kwamba lilikuwa pale muda wote. Huo ndo uaminifu wa hadithi ya upelelezi. Muuaji awepo mapema, aongee, tumzoee. Ushahidi tuuone kwa macho yetu wakati uleule mpelelezi anauona. Ukimleta sura ya mwisho binamu wa marehemu ambaye hatujawahi kumsikia, msomaji ana haki ya kukasirika.

Na simu! Hadithi nyingi za sasa zingekufa ukurasa wa pili kama mhusika angepiga simu tu. Usiniambie kila mara chaji imeisha. Tafuta sababu ya kibinadamu, anayo namba lakini mara ya mwisho walitukanana, au simu ipo ila inashikwa na mume. Hapo simu inakuwa sehemu ya hadithi badala ya kuwa kikwazo.

Nikisoma hadithi yangu naona wahusika wote wanaongea sawa, kama watangazaji wa taarifa ya habari. Nikiweka Kiha kidogo naogopa watu wa mikoa mingine hawataelewa. (Dada wa Kasulu)

Usiogope. Weka "Mwakeye" asubuhi mtu akiingia uani, na mwenyeji ajibu vilevile, msomaji wa Tanga ataelewa ni salamu bila wewe kuandika maelezo yoyote. Ukianza kufafanua pembeni kila neno, unamkumbusha msomaji kwamba yeye ni mgeni. Kama neno halieleweki kutokana na kinachoendelea, badilisha kinachoendelea.

Kuhusu sauti, we fikiria nyumba moja tu ya Kigoma. Bibi anaongea Kiha na wenzake na Kiswahili kizito na wajukuu. Mjukuu kasoma Dar, anakata maneno. Jirani kavuka ziwa toka Congo, kwake ni mutoto na muzuri. Mzee wa Ujiji anaongea kwa kituo, hamalizi sentensi bila kumtaja Mungu. Sauti nne kwenye ua mmoja na hujatoka hata getini. Lakini tumia alama moja mbili kwa kila mtu, usiandike lafudhi yote toka mwanzo hadi mwisho, mana ukifanya hivo kwa yule jirani wa Congo anageuka kichekesho hata akiwa kwenye msiba, na hilo ni kumkosea heshima yeye na watu wake.

Kitu ambacho waandishi wengi wa sasa wanakiacha, na kinaniuma, ni heshima za maamkizi. Sisi tuna silaha hapo. Binti toka ukurasa wa kwanza anamwambia baba yake wa kambo "shikamoo baba", kila siku, hata akiwa na haraka. Siku anagundua alichofanya huyo baba anapita sebuleni anasema "habari za saa hizi." Basi! Msomaji wa Kiswahili anaacha kutafuna. Huhitaji kuandika kwamba alimdharau, huhitaji "alisema kwa sauti yenye chuki huku akisonya". Andika "alisema", au usiandike kabisa kama tunajua nani anaongea.

Afu chunga mazungumzo ya kumpa msomaji taarifa, ile "kama unavyojua kaka yangu, baba yetu alifariki mwaka jana kwa ajali ya basi." Hakuna ndugu wawili duniani wanaoambiana hivo. Wangegombania saa ya marehemu, na sisi tungejua kwamba kafa.

Nauza hadithi kwa episodi WhatsApp. Kila episodi naishia penye moto, "itaendelea". Zamani walikuwa wanalipa fasta, sa hivi wanalalamika wamechoka. Na kuna mtu kakopi episodi zangu kaweka jina lake. Nifanyeje? (Dada wa Mwandiga)

Pole sana dada, yote mawili yanaumiza. Nianze na wasomaji. Nimepitia episodi ulizonitumia, tisa zinaishia mlango unagongwa au simu inaita, na kila inayofuata inaanza kumbe ni jirani, kumbe ni wrong namba. Msomaji kalipa ili ajue nani yuko mlangoni ukampa jirani anayeomba chumvi, atakuvumilia mara mbili. Kila episodi ilipe deni moja kabla haijafungua lingine. Mtu aliyekuwa anaficha kitu, leo kijulikane kweli, na kujulikana kwake kulete shida mpya kubwa zaidi. Na tafadhali ujue mwisho wa hadithi kabla hujauza episodi ya kwanza, angalau ujue nani atabaki na nini. Naelewa kuvuta stori kunaongeza hela ya wiki hii, na najua hela hiyo inalipa ada, ila msomaji akishahisi unavuta hanunui hadithi yako inayofuata.

Kuhusu wizi, sheria iko upande wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi yako toka ulipoiandika, huhitaji kusajili ndo iwe yako, na ulinzi unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Ila kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia mkianza kubishana nani kaandika kwanza. Tunza rasimu zenye tarehe, jitumie kwa barua pepe kila episodi kabla ya kuisambaza, piga picha za skrini za huyo aliyekopi zikionyesha siku aliyoweka. Fahamu pia kwamba kinacholindwa ni maandishi yako, sio wazo, mtu mwingine akiandika na yeye kuhusu mke aliyetoroka na nahodha kwa maneno yake mwenyewe huna kesi.

Siku ukikusanya iwe kitabu, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Na kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wa kwanza walitangazwa 13 Aprili 2023, fuatilia matangazo yao usome masharti kwa makini. Wewe una nidhamu ya kuandika kila wiki, wengi hawana, na muswada mzima kwako hauko mbali kama unavodhani.

Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Nimeandika kisa cha ukoo wetu, namna shamba la michikichi lilivogawanywa baada ya baba mkwe kufariki. Shemeji yangu kasikia, amenuna, anasema nitamwaibisha. Nami naona nimeandika ukweli mtupu. (Mama wa Katubuka)

Shikamoo mama. Nimeisoma yote, tena kwa siku moja, na nakushukuru kwa kuniamini nayo.

Ukweli kwamba ilitokea haumsaidii msomaji, mama. Yeye hamjui shemeji, anachotaka ni kuamini kinachotokea kwenye karatasi. Kuna sehemu umeandika shemeji alibadilika ghafla akawa mkatili, na najua ndivo ilivokuwa kwenu, wewe uliona ghafla. Lakini kwenye hadithi lazima tupite nyuma yake kidogo. Alikuwa na deni? Aliahidiwa lile shamba na baba yake wakati wewe hujaolewa bado? Watoto wake walikuwa wangapi shuleni? Mpe sababu ambayo yeye mwenyewe angeitoa usiku akiwa peke yake. Hutakuwa umemtetea. Dhuluma itauma zaidi kwasababu kafanya mtu tunayemwelewa, na wewe hutaonekana unalipiza kisasi.

Kuhusu kumwaibisha, kubadilisha jina tu hakutoshi, Katubuka na Mwanga watu wanajuana, watamtambua kwa kofia yake. Badilisha vingi kwa pamoja. Yeye na yule binamu mdogo waunganishe wawe mtu mmoja. Watoto wapunguze. Duka lifute. Hadithi ikishakuwa na watu wake wenyewe utaona inaanza kukataa mambo fulani yaliyotokea kweli, iache ikatae.

Mgao wenyewe, pale mnapotembea shambani na kamba mnahesabu michikichi na kila mtu anajifanya haangalii ile mirefu, usiguse neno. Ila ukoo uhamishie Uvinza, na shemeji mpe kazi kwenye chumvi.